Blokucheni: Daftari la Pamoja Linaloweza Kumlinda Mkulima Soko Linapoyumba

Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk iliamua kufuatilia kontena moja la jokofu lililobeba waridi na maparachichi kutoka Kenya hadi Uholanzi. Ilitaka kujua shehena hiyo inapitia mikono mingapi. Ilibainika kwamba karibu kampuni na ofisi 30 zilihusika, watu zaidi ya 100 waliigusa kazi hiyo, na mawasiliano kati yao yalizidi mara 200. Safari nzima, kutoka shambani hadi kwa muuzaji wa rejareja, ilichukua takriban siku 34. Kati ya hizo, siku 10 zilipita kontena likisubiri hati zishughulikiwe. Hati moja muhimu ilipotea kabisa, ikaja kupatikana baadaye ndani ya rundo la karatasi.

Siku 10 si jambo dogo kwa parachichi. Tunda linaendelea kuiva hata likiwa ndani ya jokofu. Likifika sokoni likiwa limelainika, mnunuzi hupunguza bei au hulikataa, na hasara hiyo hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa mkulima ambaye hakuwa na habari kwamba kuna karatasi iliyopotea.

Ni matatizo ya aina hii yaliyofanya teknolojia ya blokucheni ianze kutajwa katika biashara ya mazao. Wakazi wengi wamelisikia jina hilo likihusishwa na sarafu za kidijitali kama Bitcoin. Makala haya yanaeleza matumizi yake mengine: kutunza kumbukumbu za mazao kutoka shambani hadi sokoni. Yanaeleza pia mahali ambapo teknolojia hii imesaidia, mahali iliposhindwa, na mambo ambayo mkulima anapaswa kuuliza kabla ya kuandikishwa.

Mnyororo wa ugavi hukatika wapi?

Mnyororo wa ugavi ni safari yote ya bidhaa kutoka inakozalishwa hadi kwa mlaji. Kwa mkulima wa mishiri, safari hiyo huanza shambani, hupita katika kituo cha kukusanyia, gari la jokofu, kiwanda cha kupakia, wakaguzi wa mimea wa KEPHIS, maafisa wa forodha na uwanja wa ndege, kisha humfikia mnunuzi ng'ambo na hatimaye duka analouza.

Kila mhusika ana daftari lake. Mkulima ana kitabu cha kuandikia dawa alizopuliza. Kituo kina risiti za mizani. Kampuni ya kuuza nje ina kompyuta yake, na msafirishaji ana karatasi zake. Kila daftari linaweza kuwa sawa peke yake, lakini tatizo linapozuka hakuna anayeweza kuyasoma yote kwa pamoja na kwa haraka.

Wakulima wa Kenya wanalijua jambo hili. Kuanzia mwaka 2012, mabaki ya dawa ya wadudu iitwayo dimethoate yaligunduliwa katika mishiri na minji kutoka humu nchini. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi, ukaamua asilimia 10 ya shehena za mboga hizo zichukuliwe sampuli na kupimwa zinapoingia. Gharama za vipimo na ucheleweshaji ziliwaangukia wauzaji. Baadhi ya kampuni ziliacha kununua kutoka kwa wakulima wadogo, kwa kuona kwamba ni rahisi zaidi kusimamia mashamba makubwa machache. Hivyo mkulima aliyefuata maagizo ya dawa aliumia pamoja na yule aliyeyapuuza, kwa sababu hakukuwa na njia rahisi ya kuwatofautisha.

Marekani nayo ilipata somo kama hilo mwaka 2018. Mboga ya letusi iliyoambukizwa bakteria wa E. coli iliwafanya watu 210 kuugua katika majimbo 36, na watano wakafariki. Mnamo Novemba mwaka huo, baada ya mlipuko mwingine, mamlaka za afya ziliwaambia wananchi wasile letusi ya aina hiyo hata kidogo, itoke shamba lolote. Kwa kuwa haikujulikana upesi ni mashamba yapi yaliyokuwa chanzo, letusi nzuri nayo ilitupwa.

Mifano hii miwili inaonyesha maana ya mnyororo imara. Mnyororo imara unaweza kupatwa na tatizo kama mwingine wowote. Tofauti ni kwamba unaligundua tatizo mapema, unatenga kiungo kilichoharibika, na viungo vingine vinaendelea na kazi.

Blokucheni hufanyaje kazi?

Chukua mfano wa chama chenye wanachama 20. Kama daftari la michango liko kwa mweka hazina peke yake, wanachama wanamtegemea yeye tu. Daftari likipotea au likibadilishwa usiku, ugomvi unaanza. Lakini kama kila mwanachama ana nakala yake, na kila mchango unaandikwa katika nakala zote 20 wakati wa mkutano, mtu mmoja hawezi kubadilisha hesabu kwa siri. Akifuta katika nakala yake, zile nyingine 19 zitamuumbua.

Blokucheni ni daftari la namna hiyo, ila linatunzwa na kompyuta. Wahusika wote wa biashara hupata nakala ya kumbukumbu, na nakala hizo hulinganishwa kila mara.

Kuna kinga ya pili. Kumbukumbu hupangwa katika mafungu, na kila fungu ni kama ukurasa wa daftari. Kompyuta huyachukua maandishi yote ya ukurasa na kutoa alama fupi ya herufi na tarakimu. Ikibadilishwa hata nukta moja katika maandishi hayo, alama hugeuka kabisa. Alama ya ukurasa wa kwanza huandikwa ndani ya ukurasa wa pili, ya pili ndani ya wa tatu, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo mtu akichezea ukurasa wa zamani, alama zote zinazofuata hazitalingana, na udanganyifu utaonekana. Kufungamana huku kwa kurasa ndiko kulikoipa teknolojia hii jina lake, yaani mafungu yaliyounganishwa kama mnyororo.

Daftari la mazao kwa kawaida haliko wazi kwa kila mtu duniani kama lile la Bitcoin. Huwa ni la wahusika waliokubaliwa, na inawezekana kuamua nani aone nini. Mkaguzi anaweza kuona rekodi za dawa bila kuona bei aliyolipwa mkulima.

Mkulima 1 au wakulima 40?

Faida kwa mkulima inaonekana vizuri kwa mfano. Kituo cha kukusanyia kimepokea mishiri kutoka kwa wakulima 40 asubuhi moja. Kila kreti imepewa namba, na namba hiyo imeunganishwa na shamba, tarehe ya kuvuna, dawa ya mwisho iliyopulizwa, na saa ambayo kreti iliingia katika chumba baridi. Wiki moja baadaye, mnunuzi ng'ambo anapata mabaki ya dawa katika kreti moja.

Bila kumbukumbu za pamoja, jambo rahisi kwa mnunuzi ni kusimamisha kituo kizima, na wakulima 40 wanakosa soko. Zikiwepo, namba ya kreti inaonyesha shamba husika mara moja. Mkulima huyo anasimamishwa, afisa wa kilimo anamtembelea kujua kilichotokea, na wale 39 wanaendelea kuuza. Rekodi zinamlinda mkulima mwaminifu kwa kuwa zinampa ushahidi ambao hauwezi kubadilishwa na mtu wa katikati.

Vilevile zinamsaidia katika malipo. Kilo zilizopimwa kituoni, daraja la ubora na tarehe ya kupokea vikiandikwa mbele ya pande zote mbili, inakuwa vigumu baadaye kudai kwamba mzigo ulikuwa mdogo au ulikataliwa.

Majaribio yaliyofanywa

Kampuni ya maduka ya Walmart ya Marekani ilijaribu teknolojia hii kwa maembe. Mwaka 2016 wasimamizi wake walichukua pakiti ya maembe yaliyokatwa na kuwataka wafanyakazi watafute yalikotoka. Kwa njia za kawaida za simu, barua pepe na karatasi, kazi hiyo iliwachukua karibu siku 7. Baada ya kumbukumbu kuwekwa katika blokucheni iliyoundwa pamoja na kampuni ya IBM, jibu lilipatikana kwa sekunde 2.2. Mwaka 2018 Walmart iliwaagiza wanaoiuzia letusi na mboga nyingine za majani wajiunge na mfumo huo kufikia mwaka uliofuata.

Humu nchini, mwaka 2018 IBM na kampuni ya Twiga Foods zilifanya jaribio la wiki 8 na vibanda 220 vya kuuza vyakula. Rekodi za ununuzi za wenye vibanda zilitumiwa kuamua kama wanastahili mkopo mdogo wa kuagiza bidhaa, na mikopo ikatolewa na kufuatiliwa kupitia blokucheni. Wastani wa mkopo ulikuwa takriban dola 30 za Marekani. Jaribio hilo lilionyesha kwamba mfanyabiashara mdogo asiye na hati miliki ya shamba wala rekodi ya benki anaweza kuaminika kwa kumbukumbu za biashara yake ya kila siku.

Hata hivyo, si kila jaribio limefaulu. Maersk na IBM ziliungana kuunda mfumo mkubwa wa hati za meli uitwao TradeLens, uliozinduliwa mwaka 2018. Ulikusudiwa kutatua shida kama ile ya kontena la waridi na maparachichi. Novemba 2022 kampuni hizo zilitangaza kuufunga, na ukazimwa mwanzoni mwa mwaka 2023. Zilieleza kwamba ushirikiano kamili wa sekta nzima haukupatikana, na kwamba mfumo haukuweza kujiendesha kibiashara. Tangu mwanzo, baadhi ya washindani wa Maersk walisita kuweka taarifa zao katika mfumo unaomilikiwa kwa sehemu na mpinzani wao.

Funzo la TradeLens ni kwamba daftari la pamoja linahitaji makubaliano ya pamoja. Kama wenye chama hawaaminiani kuhusu nani anashika kalamu, nakala 20 hazitaandikwa.

Mambo ambayo blokucheni haiwezi kufanya

Jambo la kwanza na kubwa ni kwamba blokucheni haijui ukweli wa kile kinachoandikwa. Inalinda kilichoandikwa kisibadilishwe, basi. Mtu akiandika kwamba dawa ilipulizwa siku 14 kabla ya kuvuna, ilhali ilipulizwa juzi, uongo huo utahifadhiwa salama salimini pamoja na ukweli wa wengine. Ndiyo maana kazi ya afisa wa kilimo wa nyanjani, mkaguzi wa KEPHIS na maabara haiwezi kuondolewa na kompyuta.

Pili, haiwezi kufungua njia iliyofungwa. Mwezi Machi 2020 janga la Korona lilipopunguza safari za ndege, mashamba ya maua ya Kenya yalitupa maua kwa kukosa ndege na wanunuzi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimu meli nyingi kuzunguka kusini mwa Afrika kwenda Ulaya, na maparachichi yakakaa baharini siku nyingi zaidi. Daftari haliwezi kuzuia mambo hayo. Linachoweza kufanya ni kuwajulisha wote kwa wakati mmoja mzigo ulipo na hali yake ya baridi, ili uamuzi wa kuchelewesha mavuno au kutafuta soko jingine ufanywe mapema.

Tatu, haihitajiki kila mahali. Chama kimoja cha ushirika kinachotaka kurekodi lita za maziwa za wanachama wake kinatoshelezwa na programu ya kawaida ya kompyuta iliyotunzwa vizuri. Blokucheni inafaa pale ambapo wahusika ni wengi, hawako chini ya mkubwa mmoja, na hawaaminiani kikamilifu.

Kwa nini jambo hili haliwezi kusubiri

Masoko ya nje yanazidi kutaka ushahidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, iliyopitishwa mwaka 2023, inahusu kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, ng'ombe na mbao. Inamtaka anayeingiza bidhaa hizo Ulaya aonyeshe mahali hasa lilipo shamba zilikotoka, na kwamba ardhi hiyo haikukatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba la kahawa lisilozidi hekta 4, alama moja ya mahali lilipo kwenye ramani inatosha. Shamba kubwa zaidi linahitaji mipaka yake yote ichorwe. Kuanza kutekelezwa kwa sheria hiyo kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameanza kuuliza taarifa hizo.

Sheria hiyo haimlazimishi mtu yeyote kutumia blokucheni. Inachotaka ni taarifa sahihi zinazoweza kuthibitishwa. Mkulima ambaye shamba lake halijaandikishwa popote anaweza kuachwa nje hata kama hajawahi kukata mti.

Taarifa za mkulima ni mali yake

Kumbukumbu hizi zinabeba jina la mkulima, namba yake ya simu, mahali pa shamba lake na kiasi anachovuna. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila Mkenya haki ya kujulishwa jinsi taarifa zake zitakavyotumika, kuziona, kupinga matumizi yake, na kudai taarifa za uongo au za kupotosha zirekebishwe au zifutwe. Mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa blokucheni imeundwa isifutike. Mifumo iliyopangwa vizuri huweka taarifa za kibinafsi kando, mahali zinapoweza kurekebishwa, na ndani ya daftari la pamoja huweka alama ya uthibitisho tu. Kabla ya kuweka sahihi, mkulima au kikundi kinashauriwa kuuliza maswali haya:

1. Nani anamiliki mfumo, na nani atakayeona taarifa za shamba?
2. Nani analipa gharama za vifaa, intaneti na usajili? Je, zitakatwa kwenye malipo ya mazao?
3. Mkulima akitaka kubadilisha mnunuzi, anaweza kuondoka na rekodi zake?
4. Kosa likiandikwa, linarekebishwa vipi, na ndani ya muda gani?
5. Asiye na simu ya kisasa atapataje uthibitisho wa kilichoandikwa kwa jina lake?

Jihadhari na matapeli

Mfumo wa kufuatilia mazao haumtaki mkulima kununua sarafu ya kidijitali. Mtu anayeahidi faida ya haraka kwa kutuma pesa kwa simu ili "kuingia kwenye blokucheni" anapaswa kuepukwa, na habari zake zipelekwe polisi. Vilevile, namba ya siri ya simu au ya M-Pesa haihitajiki katika usajili wowote wa shamba.

Hatua za kuchukua sasa

Mkulima hahitaji kusubiri teknolojia mpya ndipo aanze. Mfumo wowote, uwe wa blokucheni au wa karatasi, hutegemea rekodi ya kwanza inayotoka shambani. Hatua zifuatazo zinawezekana msimu huu:

- Kuandika kila dawa iliyopulizwa: jina lake, kiasi, tarehe, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna kama zilivyoandikwa kwenye kibandiko.
- Kutunza risiti za mbegu, mbolea na dawa kutoka kwa muuzaji wa pembejeo aliyeidhinishwa.
- Kudai risiti ya mizani kila mazao yanapopokelewa, yenye tarehe, kilo na daraja.
- Kuandikisha shamba na mahali lilipo kupitia chama cha ushirika au kikundi kinachotambulika.
- Kuuza maparachichi yaliyokomaa tu, na kwa msimu uliotangazwa na Kurugenzi ya Mazao ya Bustani. Shehena moja ya matunda machanga huharibu jina la eneo zima.

Chini ya Katiba, huduma za kilimo mashinani ni jukumu la serikali za kaunti, huku ukaguzi wa mimea inayouzwa nje ukiwa kazi ya KEPHIS. Mkazi anayehitaji kuonyeshwa jinsi ya kujaza kitabu cha rekodi, au ambaye kikundi chake kimeletewa mkataba wa mfumo wa kidijitali na hakijauelewa, anashauriwa kuupeleka kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kutia sahihi. Huduma hiyo ya ushauri hutafutwa katika ofisi ya kilimo ya wadi au ya kaunti ndogo, siku za kazi.